Kurasa Tulizolilia

Dada yangu mpenzi,

Ndoa yangu ina wiki tano, na bado mume wangu akirudi kutoka karakana moyo unanidunda kama wa mwanafunzi. Nakutumia riwaya iliyotutoa machozi sote wawili. Kama tulivyozoea mimi na wewe tangu shule, aliyelia anaandika namba ya ukurasa ndani ya jalada la nyuma. Mimi nimeandika 88, pale wapenzi wanapoagana stesheni. Mume wangu kaandika 140. Nilipomkuta anafuta macho alisema, "Ni vitunguu tu, mke wangu." Siku hiyo tulikula mkate na chai.

Kwenye ukurasa wa 212 mama anamzika mwanawe. Nakutajia mapema ili usikutane nao ghafla. Mama yetu ameniambia kwamba tangu tumzike mwanao hujalia hata mara moja, na kwamba kila asubuhi unafagia chumba chake.

Usiandike namba ili kunifurahisha. Lakini ukilia, iandike, kisha unirudishie kitabu hata bila barua. Nitapanda basi la kwanza.

Mdogo wako,
sasa mke wa seremala