Walikusifu Ulipokuwa Ukikonda

Dada yangu mpenzi,

Chai isiyo na sukari ni mbaya vilevile kama tulivyoiacha. Leo nimeinywa saa ya asariya, baada ya sala ya alasiri, peke yangu mlangoni pa jikoni, na nilipofika nusu ya kikombe nikapandwa na hasira nikaimwaga. Kisha nikachemsha nyingine. Daktari amesema presha yangu haichezewi, nipunguze mwili na sukari niisahau, na mtu mzima hawezi kujigomea mwenyewe kila siku. Ungekuwapo ungecheka. Ungeniambia, "Kunywa, abayo, dada yangu, kunywa tu, ni dawa," na kikombe chako umekiweka chini hujakigusa.

Nakuandikia kwa sababu tangu nianze habari hii ya kupungua sina wa kumlalamikia. Watoto wangu wananipigia makofi. Mume wangu asema nimerudi usichana, mwongo mkubwa yule. Wewe ndiye ungeniacha niseme nilivyo na njaa. Na yapo mambo niliyokuwa nikiyaogopa ambayo sikumwambia mtu, nitakwambia wewe, lakini acha kwanza nirudi kule tulikoanzia.

Tulianzia kisiwani Ngumi, siku ya harusi ya mtoto wa shangazi. Kisiwa chetu hakina gati, wajua. Boti husimama kwenye maji ya magoti na kila mtu hushuka akavuka kwa miguu yake, nguo kazikusanya mkononi. Utotoni tulikuwa tukiruka hata kabla boti haijasimama, na mama akitutukana kutoka nyuma. Siku hiyo uliketi ukingoni, ukayatazama maji, ukasema miguu haitaki. Wakaja mabaharia, mmoja huku, mmoja kule, na wa tatu nyuma yako akisukuma. Yule wa nyuma akasema, "Mama, umekuya na mizigo gani humu ndani ya buibui?" Boti nzima ilicheka. Nawe ulicheka, tena kuliko wote, lakini mkono wangu uliubana mpaka kucha zikaniingia. Harusini hukugusa hata pilau. Uliniinamia sikioni ukasema, "Mimi na sukari basi. Siku nyingine nitashuka mwenyewe kama mchu, kama watu wengine."

Tukarudi Kismayo na vita vya sukari vikaanza. Mgeni hudhani mtu huacha sukari kwa kutoitia kikombeni. Kwetu sukari huchemka pamoja na majani, iliki, mdalasini na maziwa, na chai ikiepuliwa utamu umeshaingia, hautoki tena. Kwa hiyo mwenye kuacha sukari huweka sufuria ya pili, na sufuria ya pili jikoni kwako ilikuwa habari ya mtaa mzima. Binti yako Mariamu aliuliza nani mgonjwa. Mumeo alijimiminia kwa makosa, akapiga funda moja, akalitema dirishani, na mbuzi wa watu akatoka mbio.

Mimi niliingia vitani kwa mapenzi tu. Kila alasiri nilikuja kwako tukaketi jamvini, vikombe vyetu vichungu mbele yetu, na Mariamu hapo pembeni akipika malawa, zile chapati laini za maji, siagi inanukia nyumba nzima. Tulikuwa tukitazamana nani ataanguka kwanza. Nilianguka mimi, kila siku mimi. Nawe hukunicheka. Ulinisogezea sahani ukasema, "Kula wewe, mwili wako wapendeza. Wangu ndio uliozidi." Hata njaa yako ulijua kuigeuza iwe ukarimu.

Kisha ukaleta ile pakiti ya sokoni, chai ya kupunguza mwili, imechorwa mwanamke ambaye kiuno chake sijui chakula kinapitia wapi. Nikainusa. Nikakwambia, "Abayo, hii ni sanamaki, ile aliyokuwa akitunywesha bibi tumbo likifunga." Ukanijibu kwamba ya bibi haikuwa na picha. Basi tukainywa. Ikatukuta kwa jirani, siku ya hina ya binti yake, tukawa tunapokezana choo cha watu, akitoka huyu anaingia yule, mpaka mwenye nyumba akaanza kuapa kwamba samaki wake ni wa asubuhi hiyohiyo. Ulimwonea huruma. Ukasimama katikati ya wanawake, mikono yote imepakwa hina, ukatangaza: "Samaki wako mzima! Ni chai, jamani! Mimi nakunywa chai ya kukonda!" Mpiga ngoma aliiacha ngoma akashika mbavu. Nami nilicheka mpaka nikalia.

Sasa nikiikumbuka siku hiyo silii kwa kicheko. Maana wajua desturi ya wanawake wetu. Kwetu anayekonda hasifiwi. Hushikwa kifundo cha mkono, vidole vikazungushwa kukipima, akaulizwa: waumwa? Nani kakuudhi? Nyumbani mwala? Atakataa, nao hawatamsadiki. Kesho watakuja na supu ya kuku, waketi, wamtazame akinywa, na hawaondoki mpaka wameambiwa. Tulipokuwa wasichana tuliwaita wambeya. Lakini ni wao waliogundua kifua kikuu cha mama mdogo, yeye mwenyewe akiwa bado anaapa kwamba ni vumbi.

Kwako hawakuja, dada. Jibu walikuwa nalo tayari, umewapa wewe mwenyewe. Bi Zeinabu wa nyumba ya pili alikushika mkono siku moja, nikaviona vidole vyake vinazunguka kifundo na kupitana. Kwa mwingine yeyote angepiga kelele. Kwako akasema, "Mashallah! Ile chai imefanya kazi kweli. Niambie yauzwa duka gani." Wakakusifu harusini, wakakusifu sokoni, wakakusifu hata matangani. Wakakuita bibi harusi. Nawe uliyesukumwa na mabaharia kama gunia, ulizipokea sifa hizo kwa mikono miwili. Ulipeleka magauni yako kwa fundi akayapunguza, kisha ukayarudisha akayapunguza tena. Sikuwahi kukuona ukitembea kwa raha namna ile.

Nami nilifurahi, na kiwivu kidogo kilinishika, sikatai. Ukisema tumbo lakukata, tulisema ni sanamaki. Ukaiacha sanamaki na tumbo likaendelea, ukasema limeshazoea. Ukakataa malawa, ukakataa mkate wa mofa, ukamkataa hata papa mkavu uliyempenda kuliko watu wengine wanavyowapenda waume zao. Tukasema, mwoneni mwenzetu alivyo na nia. Ulikuwa ukiondoka kidogo kidogo mbele yetu na sote tulikuwa tukikushangilia.

Sitajilaumu. Daktari wa Mogadishu, tulikokupeleka ulipozidiwa, alituambia kwamba ule uvimbe aliouona ulikuwamo tumboni siku nyingi, hakuna chai iliyouleta. Nilimwuliza tena, akarudia vilevile. Lakini akaongeza kwamba ungeletwa mapema pangekuwa na la kufanya. Hilo hakuna aliyemwuliza, alilisema tu huku akivua glavu. Nimejaribu kulisahau na halitaki kutoka.

Tukakurudisha nyumbani. Siku moja, ulipokuwa huwezi tena kuinuka, nikachemsha chai ya zamani, iliki nyingi, maziwa ya ngamia, na sukari bila kuipima. Sijui nilidhani nini. Labda nilidhani mwili ukinusa utajua njia ya kurudi. Nikakuinua kichwa, ukainusa, ukafumba macho. Midomo ililowa tu. Ukasema, "Kunywa wewe, abayo. Mimi nikutizame." Nikakunywea kikombe kizima, machozi yakidondokea humohumo, na kila nilipomeza ulitabasamu. Nimeshiba vitu vingi maishani mwangu lakini kikombe kile bado kimenikaa kooni.

Matangani wakajaa, hapakuwa na pa kukanyaga. Mwanamke mmoja, jina namsitiri, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndiyo hayo. Mficha maradhi, kilio humuumbua." Wanijua nilivyo. Nikasimama katikati ya watu wenye misahafu nikamwambia, "Hakuficha! Kakonda mbele ya macho yenu na nyinyi mkampigia vigelegele!" Bi Zeinabu ndiye aliyenitoa nje. Nilitaka kumsukuma, nikaona analia kuliko mimi, hata mtandio umemlowa. Hasira hiyo ninayo mpaka leo. Siku nyingine nawakasirikia wao, siku nyingine nakukasirikia wewe, kwa kuwa maumivu uliyasikia ukayanyamazia kwa sababu gauni limekukaa. Nakukasirikia nikijua kwamba hata mimi ningenyamaza.

Na sasa zamu imekuwa yangu. Nimepungua kweli. Wengine wakipungua hufurahi, mimi kila nguo ikilegea naingiwa na baridi. Nilikuwa nikijiuliza: hii ni sukari niliyoiacha, au ni kile chako? Sisi tumetoka tumbo moja. Nilikuwa nikiamka najibonyeza tumbo kabla sijanawa uso. Nikila, naogopa presha; nikipungua, naogopa nakufuata. Ikafika hadi nikawa nakula malawa kwa siri, nimejifungia jikoni, ili nione kama mwili wangu bado wajua kunenepa. Kisha nalia kwa sababu nimevunja miiko ya daktari. Wendawazimu ndio huo, na watoto wapo ukumbini wanasema mama kapendeza.

Juzi Bi Zeinabu akaingia bila hodi, mkononi bakuli la supu ya kuku. Hakuketi. Akanishika kifundo cha mkono, akazungusha vidole.

"Waumwa?"

"Siumwi, Bi Zeinabu. Nimeacha sukari tu, sasa nanywa chai isiyo na..."

"Usinambie chai!" Alipaza sauti mpaka kuku wa uani wakatawanyika. "Chai nishaisikia kwa mwenzako. Nilimshika mkono huu kama ninavyokushika wewe, nikamwuliza duka. Duka! Walahi siulizi duka tena. Vaa buibui, twende ukapimwe."

Nikasema nitaenda kesho. Akaketi mlangoni, miguu kainyoosha, apitaye amruke. Hakuinuka mpaka nimevaa.

Tukaenda. Nililazwa kwenye kitanda cha ile mashine, wakanipaka kitu cha baridi tumboni, na Bi Zeinabu kanishika unyayo muda wote akisoma dua kwa sauti mpaka daktari akamwomba asome moyoni. Nilitazama dari nikaona uso wako. Niliona kila kitu kimekwisha, nikaanza kupanga nani atamlea yule wangu wa mwisho. Daktari akafuta mashine yake akasema, "Tumbo safi. Damu yako pia nzuri. Umepungua kwa kuwa umefanya ulivyoambiwa. Endelea hivyohivyo." Bi Zeinabu akasujudu palepale chini.

Tulipotoka nikamwambia atangulie, nina pahali pa kupita. Nikatembea upesi, nacheka peke yangu njiani, watu wananitazama. Nilikuwa nikipanga nitakavyoianza habari: niingie kwanza na uso wa msiba nikutie hofu, kisha nikwambie nimepona ugonjwa ambao sikuwa nao, unirushie kandambili. Nikakata kona ya msikiti mdogo, nikabisha mlango, nikabisha tena kwa kukosa subira. Mlango ukafunguliwa na mwanamke nisiyemjua, mtoto kambeba kiunoni. Akasema, "Karibu, abayo. Wamtaka nani?"

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mumeo na Mariamu wamehamia Burgao na nyumba wamepangisha. Nikakumbuka na mengine yote. Yule mwanamke alingoja kwa adabu, mtoto akanitazama. Nikamwambia nimekosea nyumba.

Kwa hiyo nakwambia hapa, dada. Niko mzima. Niliulizwa, nikapelekwa, nikapimwa, na niko mzima. Ilikuwa uwe wa kwanza kujua.

Mungu akulaze penye rehema yake, asikuonyeshe njaa wala maumivu tena.

Mdogo wako