Nyonga Yangu Itafunguliwa kwa Nyuma

Nchiru, Meru
Jumamosi, 18 Aprili

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka hapa kwa shangazi Karwirwa. Natumaini kifua kimekuachilia tangu mvua ianze huko Maua, na kwamba Mama hachoki sana na palizi ya maharagwe. Mimi ni mzima, isipokuwa nyonga, ambayo unaijua. Shangazi naye ni mzima. Wanafunzi wa chuo wanamaliza chapati zake kabla ya saa nne, na anasema siku moja watakula na meza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mimi hujibu "sawa" tu, kisha nakata. Tena kuna maneno ya mwili ambayo binti hamwambii baba yake kwa urahisi. Nisamehe nikiyataja.

Nitafanyiwa upasuaji Jumanne hii. Daktari Ngari aliangalia picha upya, akasema kichwa cha mfupa wa paja kimelika tangu ule ugonjwa wa usaha nilipokuwa na miaka tisa. Kwa msichana wa miaka kumi na minane angependa kungoja, lakini hakuna cha kungojea. Ataweka kiungo cha nyonga cha bandia, na hakunificha kwamba huenda kikahitaji kubadilishwa baadaye maishani.

Alinieleza pia kwamba nyonga hufikiwa kwa mbele, kwa ubavuni au kwa nyuma. Niliitikia kwa kichwa bila kuelewa. Muuguzi mmoja, Sista Zuena, aliniona. Saa ya chakula akanipeleka hadi bucha ya mumewe, Nurudin, akamwagiza alete paja la mbuzi likiwa na nyonga yake. Nurudin akauliza kama ni kilo moja au mbili. Sista akamwambia aache mzaha, huyu ni mgonjwa, si mteja.

Baba, nimeona kwa macho yangu. Kichwa cha mfupa ni cheupe, cha mviringo, kimekaa ndani ya kikombe chake. Kwa mbele, Sista alitenganisha misuli kwa vidole bila kuikata, ila nafasi ilikuwa nyembamba. Kwa ubavuni unagusa msuli unaomzuia mtu asiyumbe anapotembea. Kwa nyuma unapitia nyama ya makalio, unakata misuli mifupi na kuishona tena, na kikombe chote kinaonekana, lakini lazima uuchunge mshipa wa fahamu mnene kama kamba ya kiatu. Nurudin alisema miaka yote aliyouza nyama hakuna mbuzi aliyewahi kumuuliza ataingilia wapi. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Nyonga yangu ina makovu ya zamani na mguu umekuwa mfupi, kwa hiyo daktari anataka nafasi pana. Ataingilia nyuma. Baadaye, kwa majuma kadhaa, sitainama sana, sitakunja nne, wala sitakalia kigoda cha jikoni, kwa sababu kiungo hicho kinaweza kuchomoka. Naomba fundi anitengenezee kiti kirefu.

Sasa Baba, nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mwezi wa pili nilikuambia kwamba upasuaji uliahirishwa kwa sababu vifaa havikufika. Haikuwa kweli. Vifaa vilikuwepo, kitanda kilikuwepo, na Daktari Ngari alikuwepo. Siku moja kabla, niliambiwa nilale kwa ubavu ili apime na kuchora alama mahali atakapopasua. Gauni la hospitali linafungukia nyuma. Wakaingia wanafunzi sita wa udaktari, wanne kati yao wavulana. Mmoja akauliza kwa nini upande mmoja wa makalio yangu umekonda kuliko mwingine. Hakucheka, aliuliza tu kama mtu anayejifunza. Lakini walipotoka nilivaa nguo zangu, nikasema nimebadili nia, nikarudi kwa shangazi. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemsihi daktari aingilie mbele, bila kujua tofauti yake, na sababu haikuwa ya kitabibu. Nilitaka nilale chali, nijifunike.

Halafu wewe ulimpigia daktari simu ukamwita mwongo. Ulimwambia kwamba anachezea watoto wa maskini. Yeye hakujitetea hata kidogo, kwa sababu siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Sista Zuena aliniambia kwamba simu ilipokatwa aliiweka mezani, akaita mgonjwa anayefuata. Matusi yale yalikuwa yangu, Baba, na nilimwachia mwingine ayabebe kwa miezi miwili.

Nimeshamwomba msamaha, kwa mdomo wangu. Alijibu kwamba naye alikosea, kwa kuwa hakuniuliza kwanza kuhusu wanafunzi, na kwamba safari hii ninaweza kuwakataa. Nilifikiri siku mbili. Nimewakubali, kwa sababu iko siku mtoto mwingine wa kwetu Igembe ataletwa na nyonga kama hii, naye atahitaji daktari aliyewahi kuiona. Nimetoa sharti moja: kabla sijalala kwa ubavu, kila mmoja anitajie jina lake, nami nitataja langu.

Nimetia sahihi fomu ya upasuaji mwenyewe, kwa kitambulisho changu kipya. Naomba uje Jumatatu, nitakapolazwa. Kama umenikasirikia, njoo na hasira yako, tutakaa nayo pale hospitalini kando ya kitanda. Daktari Ngari usimwombe radhi kwa niaba yangu, hilo nimelimaliza. Lile lako, la simu, ni lako. Na ukikosa nafasi ya kuja, Baba, Jumanne asubuhi nitaingia.

Mpe Mama salamu nyingi, umwambie asilie shambani. Shangazi anakusalimu, anasema ukija umletee ndizi.

Ni mimi binti yako,
Kanana