Vyerehani Chumbani Mwangu

Jumatatu, 13 Mei
Makala yangu imetoka gazetini. Ukurasa mzima! Nimewachapa wote: wafadhili, washauri wao, wataalamu wanaotua na majibu mfukoni kabla hawajauliza swali. Sentensi ninayoipenda: "Acheni kuhesabu tulichokosa, anzeni na tulichonacho." Nimemsomea dada akiwa anakunja sare za shule. Akasikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 5 Juni
Karakana ya ushonaji ya kina dada inabomolewa mwisho wa mwezi. Dada na mafundi wenzake hawana pa kwenda. Kuna mradi unatoa jengo jipya, lenye umeme wa uhakika — ila kwa kikundi "kisicho na nyenzo". Basi wamekaa kikao: wakaguzi wakija Ijumaa, wasikute hata cherehani kimoja. Vyote vije kwangu, chumba cha uani. Mama Vifungo, fundi mwenzake, anasema kila mtu hufanya hivyo. Maseremala wa mtaa wa pili walizika randa zao.

Nikapandisha hasira. Nikahutubia: huku ni kujidhalilisha, kuigiza uombaomba, ndiko ninakopigana nako tangu nina nywele! Mama Vifungo akanipigia makofi, kisha akaniomba nisogeze kitanda. Dada hakucheka.

"Mdogo wangu, chumba hiki unakaa kwa nani?"

Nimesogeza kitanda.

Alhamisi, 6 Juni
Vimeingia vyote. Cha kutobolea matundu ya vifungo kimekaa juu ya vitabu vyangu vya uchumi. Kitanda kimesimamishwa ukutani; nitalala nimejikunja kama mkasi. Kila kitu kinanuka grisi. Nimeanza makala mpya, juu ya umaskini wa maigizo. Nimeichana. Nimtaje nani — dada yangu? Na nani aliwafundisha kuigiza? Hilo lingeandikika vizuri. Lakini siyo humu, siyo na chakula chake tumboni.

Ijumaa, 7 Juni
Dada kanifungia kwa nje. Kofuli! Alitaka nikashinde kwa rafiki. Nikasema sihamishwi chumbani mwangu kama mzigo. "Basi kaa," akasema, akabana kofuli. Eti mlango wenye kofuli hauulizwi maswali.

Ijumaa hiyo hiyo
Wakaguzi wamefika uani, mwanamume na mwanamke. Naandikia juu ya meza ya ovaloki, cherehani cha kupindia kingo. Mwanamume anauliza yale yale: mnakula mara ngapi, paa ni la nini. Dada anajibu kwa sauti ya unyonge ambayo sijaisikia tangu nizaliwe. Mnashonea nini? Mkono, anasema. Sare za shule nzima, kwa mkono! Mama Vifungo ameshikwa na kikohozi ghafla.

Sasa anasema mwanamke. Samahani, masharti yamebadilika wiki hii. Ofisini wamesoma makala ya mtu mmoja wa mji huu huu, wamebishana, wamekubali: hakuna maana kujenga karakana kisha kutafuta kazi ya kuijaza. Jengo litapewa kikundi chenye vyerehani vyake.

"Na nyinyi hamna hata kimoja?" Anauliza kwa masikitiko kabisa.

Mama Vifungo anakohoa tena.

Wamenielewa! Miaka yote ile ya kupiga kelele, leo wamenielewa, nami nimebanwa kati ya ovaloki na ukuta.

Nikigonga, dada anaumbuka mbele ya mafundi wake wote, na nani atampa jengo mwongo? Nisipogonga, jengo limekwenda. Ningeiandikaje hii? Nimewahi kuwaambia watu waziwazi wanachopaswa kufanya. Kurasa na kurasa.

Mwanamume amesogea. Kofuli limetikisika.

"Na humu?"

"Stoo," dada anasema.

Mwanamke anauliza huyo mwandishi anaishi mtaa gani, angependa kumpa mkono.

Nasikia funguo mkononi mwa dada. Zimelia. Zimeacha. Ngumi yangu iko tayari kwenye mbao za mlango, na Mama Vifungo ameacha kukohoa. Naweka kalamu chini.