Tarakimu Kumi na Mbili za Nyongeza

Kwako mshauri Lydiah, naomba unisaidie kabla sijatoroka chuo. Mimi ni mwanafunzi wa hisabati, nimekodi chumba hapa Nchiru, na kuna hazina moja ya mtandaoni ambako watu wa dunia nzima hupeleka namba thabiti, yaani zile kama pai ambazo tarakimu zake baada ya nukta haziishi, na anayezihitaji huzichukua bure, basi mimi nilipata namba ambayo haikuwemo, nikaikokotoa miezi mitano mpaka nikawa na hakika ya tarakimu kumi na nane, lakini nilipoona wenzangu wana hamsini, wana mia, nikaona haya, yangu ikaonekana ya mtu mchoyo, na mimi nimelelewa na mama anayeuza maharagwe soko la Mikinduri, ambako gorogoro, lile kopo la kupimia, ikijaa lazima uongeze konzi moja juu, asiyeongeza hapati mteja, kwa hivyo nikaongeza tarakimu kumi na mbili ambazo kompyuta ilizitema tu na sikuzihakiki, nikatuma thelathini.

Jana mtu nisiyemjua aliniandikia, kwa adabu kabisa, kwamba anapata tofauti kuanzia tarakimu ya kumi na tisa, na amerudia hesabu wiki tatu akidhani kosa ni lake. Wiki tatu! Sijamjibu. Mwalimu wangu, Dkt. Muthamia, ameshaitaja namba hiyo katika barua ya kuniombea nafasi ya shahada ya pili. Nikikiri, naogopa wataifuta yote pamoja na jina langu. Rafiki yangu Samsam ananiambia, "Wachana na hiyo story, kwani nani ataangalia hizo digits zote?" Nifanye nini?

Karimi, Nchiru

Karimi, kuna mtu ameshaziangalia wiki tatu, kwa hivyo ushauri wa Samsam weka kando. Pole. Aibu ya kuonekana na kidogo mbele ya wenye vingi imewaponza hata watu wazima. Lakini wacha nikugombeze: mama yako huongeza maharagwe, haongezi changarawe. Anayechukua namba hataki ukarimu wako, anataka kuiamini.

Mwandikie huyo mtu leo, kabla ya chakula cha mchana. Mwambie wazi kwamba kuanzia ya kumi na tisa hukuhakiki, na umwombe radhi. Waambie wasimamizi wa hazina wazifute hizo kumi na mbili. Kisha bisha mlango wa Dkt. Muthamia umweleze kwa mdomo wako mwenyewe, maana akiyasikia kwa mwingine ndipo utakapoharibu. Usimtume Samsam.

Jibu hili tulimtumia Karimi kwa simu kabla ya kulichapa. Ijumaa akatuandikia: "Mshauri, nimefanya yote. Dkt. Muthamia alikuna kichwa akasema, 'Hata mimi niliwahi kufanya hivyo.' Zile kumi na mbili zimefutwa, jina langu bado liko, na yule mtu amelinganisha kumi na nane zangu na zake, zote sawa. Asante! Nimelala usingizi mpaka saa nne asubuhi, nikakosa darasa."

Nimefurahi mno, binti yangu. Darasa usikose tena.