Samaki wa Kwenye Ndoo ya Bluu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa Kituo cha Polisi Newala, Jumanne tarehe 17 Desemba 2024, kuanzia saa 4:20 asubuhi.

Jina: Getrude Nikolao Chilumba
Umri: miaka 16
Kabila: Mmakonde
Dini: Mkristo, Anglikana
Kazi: mwanafunzi, Kidato cha Tatu
Makazi: Newala mjini
Aliyekaa na shahidi: Stella Anthony, mama mzazi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, mama amenisindikiza. Afande ameniambia nisiharakishe. Nashukuru, kwa sababu mimi si msemaji. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, nyumbani tunachanganya Kimakonde na Kiswahili, na mtu akiniuliza ghafla huwa natafuta neno mpaka yeye anachoka kusubiri. Nalisema hili mapema kwa sababu jambo lenyewe lilitokea hivyo hivyo.

Mnamo tarehe 7 Desemba, shule ilipofungwa, nilikwenda Mikindani kwa mama mdogo, Isabela Anthony. Mumewe ni Rajabu Saidi, mvuvi wa mshipi, mwenye boti ndogo ya faiba. Mimi namwita baba mdogo. Nilikuwa sijawahi kuingia baharini. Huku kwetu maji tunanunua kwa ndoo, na kuogelea sijui.

Jumamosi tarehe 14 baba mdogo aliniambia, "Mwanangu, ukirudi Newala watakuuliza bahari ikoje. Utawaambia uliionea dirishani? Twende ukamvue gayogayo."

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wawili tu. Boya lilikuwa moja. Alinivalisha mimi, akalifunga kamba mara mbili, yeye akakaa hivi hivi.

Gayogayo ni samaki bapa anayelala kwenye mchanga, macho yote yako upande mmoja. Kwenye mawe hapatikani. Baba mdogo alizima mashine tulipofika juu ya mchanga, akaiacha boti isukumwe na maji taratibu. Chambo kilikuwa vipande vya ngisi. Alinionesha namna ya kushika mshipi: chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, iguse chini, uinue kidogo, uiache iguse tena. "Ukihisi kama mtu anakuvuta kanga, usikurupuke. Mtoto wa watu yule, mwache ale kwanza."

Tulikaa muda mrefu bila mimi kusema kitu. Akaniuliza, "Wewe, ulimi umeusahau kwenye basi?" Nilicheka tu. Akasema, "Haya. Gayogayo anawapenda mabubu, leo tutajaza beseni." Wa kwanza wangu alipotokea juu nilipiga kelele. Baba mdogo akasema, "Alhamdulillahi, kumbe sauti anayo!"

Tulipata gayogayo sita, wawili nimewavuta mimi. Wote aliwaweka kwenye beseni, akafunika kwa gunia lililolowa.

Kama saa tatu na nusu nilisikia mshindo. Haukuja kwa masikio, ulikuja kwa miguu, boti ilipigwa kwa chini kama bati linalopigwa ngumi. Mbali kidogo, upande wa kwenye mawe, maji yaliruka juu. Palikuwa na boti nyeupe yenye watu watatu. Namba yake sikuiona, na sura zao siwezi kuzitambua. Baba mdogo alisema, "Mabomu. Hawa washenzi watatumalizia bahari. Toa mshipi, tunaondoka." Akavuta kamba ya mashine, haikuwaka. Akavuta tena na tena. Akafungua kifuniko, akatoa plagi, akainama anaifuta. Alikuwa amenipa mgongo.

Boti nyeupe iliondoka. Samaki wakaanza kuletwa na maji mpaka kwetu. Walikuwa wanaelea tumbo juu, wengine bado wanapumua. Nilichukua kopo la kutolea maji botini nikaanza kuwaokota. Niliwatia kwenye ndoo ya bluu ambayo asubuhi ilikuwa na chambo. Walikuwa kumi na mmoja. Nikawafunika kwa gunia jingine. Nilitaka mama mdogo ashangae.

Afande ameniuliza nilikuwa nafikiria nini. Huku kwetu msimu wa korosho, bibo likianguka chini ya mkorosho wa mtu unaokota unakula, mradi korosho yenyewe uichomoe uiache pale pale. Hakuna atakayekuita mwizi. Mimi nilidhani ni hivyo. Wale wamefanya ubaya wao wameondoka, na hawa wameanguka tu. Nilikuwa najua kulipua samaki ni kosa. Sikujua kuwa hata kukutwa nao ni kosa. Nilitaka kumwuliza baba mdogo. Nililipanga swali kichwani vizuri, na nilipokuwa tayari kulisema mashine iliwaka. Basi, nikaliacha.

Tulirudi dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kama saa nne na nusu. Tulikuta askari wawili na afisa uvuvi wanakagua boti zote, kwa sababu ule mshindo ulisikika hadi nchi kavu. Baba mdogo aliwasalimia akafunua beseni mwenyewe, anacheka, akawaambia wawatazame gayogayo walivyonona. Askari mmoja akainua gunia la kwenye ndoo.

Afisa uvuvi alimbonyeza samaki mmoja tumboni, akampasua. Damu ilikuwa imevilia kwenye mfupa wa mgongo. Akauliza, "Na hawa? Nao ni gayogayo?"

Baba mdogo aliitazama ndoo. Halafu alinitazama mimi. Mikono yangu ilikuwa na magamba. Akasema, "Mzigo wangu."

Askari akamwuliza, "Umewapataje?"

"Mzigo wangu, afande. Mengine tutaongea huko mbele. Huyu mtoto nilimchukua kutembea tu, hana habari ya kitu."

Kisha akaniambia, "Vua boya, mwanangu, nenda nyumbani. Mwambie mama yako mdogo chai yangu asiiweke."

Nilivua boya nikaondoka. Hakuna mtu aliyenizuia kusema. Askari walikuwa hatua chache tu kutoka nilipokuwa. Mama mdogo aliponiuliza kuna nini, nilisema baba mdogo amekamatwa. Akauliza kwa kosa gani, nikasema sijui. Huo ulikuwa uongo. Jumapili nilipandishwa basi la kurudi Newala. Mama aliniuliza habari za bahari nikamwambia ni nzuri.

Jana Jumatatu, tarehe 16, jioni, mama mdogo alipiga simu. Mama aliweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga wa muhogo. Nilimsikia mama mdogo akisema, "Dada, wanasema amekiri. Amekiri kwa mdomo wake! Miaka tisa nalala na mtu wa mabomu sijui? Dikoni nikipita wanawake wananitemea mate. Wanasema boti na mashine vinataifishwa. Nafunga mizigo, kesho nachukua watoto nakuja huko."

Mama akamjibu, "Njoo, mdogo wangu. Mtu wa hivyo wa nini?"

Nilisema, "Ni mimi." Mama hakusikia. Nikasema tena. Akanitazama, akaanza kunifokea kwamba wakubwa wakiongea nisiingilie. Ndipo nikapiga kelele, na mama mdogo akanisikia kwenye simu. Nikawaeleza wote wawili kama nilivyoeleza hapa. Mama mdogo alilia. Mama alimwambia asifunge mizigo.

Naomba iandikwe wazi kwamba Rajabu Saidi hakuokota samaki hata mmoja. Hakujua wamo botini mpaka gunia lilipoinuliwa. Ndani ya boti hapakuwa na baruti, utambi wala chupa. Wale gayogayo sita wana jeraha la ndoana mdomoni. Wale kumi na mmoja hawana, maana hawakuvuliwa na sisi. Kama wamehifadhiwa, watazamwe midomo.

Afande ameniuliza kwa nini basi alisema ni wake. Hatujaongea tangu pale dikoni. Nadhani aliona magamba. Ameniuliza kama kuna mtu amenifundisha maneno haya, nimesema hapana. Ameniuliza kama naelewa kuwa kwa maelezo haya naweza kuulizwa mimi kuhusu hao samaki. Mama alisema, "Afande, huyu bado mtoto." Nimemwomba mama aniache nimalize. Naelewa.

Ninayoyajua yameishia hapa. Nimesomewa yote. Pale palipokuwa pameandikwa kwamba samaki tuliwaokota wote wawili nimeomba pakatwe, kwa sababu niliokota peke yangu. Pamekatwa na nimesaini pembeni.

Sahihi ya shahidi: G. N. Chilumba
Sahihi ya mzazi: Stella Anthony

MAELEZO YA ASKARI
Mimi WP Koplo Upendo nimeandika maelezo haya kama yalivyosemwa na shahidi, mama yake akiwepo, na kumaliza saa 6:05 mchana. Nimempigia simu mpelelezi wa shauri. Mtuhumiwa bado yuko mahabusu. Samaki wapo kwenye barafu na mpelelezi ameahidi kuwakagua midomo leo, kabla jalada halijapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Shahidi ameelekezwa kufika Mtwara kwa mpelelezi kesho pamoja na mzazi.

Alipokwisha kusaini, shahidi aliuliza kama baba yake mdogo ataambiwa ni nani aliyetoa maelezo. Nilimjibu kuwa ataambiwa. Mama yake alidhani amemaliza, akainuka. Shahidi akasema, "Mwambieni sikuletwa. Nilikuja."

Sahihi: Upendo, WP CPL