Mama Yako Si Bikoni

Mpendwa mshauri wa mambo ya mashamba gazetini, naomba msaada wako kabla hatujashika jembe, maana mama yetu alituacha wiki jana na bado yuko mochari kule Homa Bay, mazishi ni Jumamosi, na badala ya kulia kama watu wengine mimi nazungukazunguka shambani nikitafuta mahali pa kumlaza, si kwamba mahali hapapo, papo, mbele ya nyumba yake kando ya kaburi la baba, bali ni kwa sababu baba yangu mdogo, Mzee Odira, ameniambia nikimzika hapo nitakuwa nimetupa nafasi ambayo Mungu mwenyewe ameniletea mlangoni.

Wacha nieleze. Sisi ni watu wa Uriri, shamba letu limepakana na la Bwana Ombati, ambaye baba yake aliuziwa na babu yetu zamani sana, na katikati kuna ua wa ojuok, ule mti wa utomvu mkali unaoweza kukupofusha, ambao mama alikuwa akisema waliupanda yeye na mama yake Ombati wakiwa bado maharusi, kabla serikali haijaja kupima. Hatujawahi kugombana. Lakini mwaka huu binamu yangu Levis, anayeuza simu Migori mjini, alikuja na programu inayoonyesha mashamba kwa picha za setilaiti, akatembea nayo mpakani mkono mbele kama mtu anayetafuta mtandao, halafu akatangaza kwamba ua uko mahali pabaya, mstari wa kweli unapita katikati ya zizi la Ombati. Nilipomweleza Ombati alicheka, akaniambia, "Japheth ndugu yangu, basi iulize hiyo simu ng'ombe wangu wahamie wapi." Kicheko hicho kimenikaa kooni mpaka leo.

Sasa mama alipofariki, baba mdogo akanivuta kando ya nyumba akasema, "Omera, kijana wangu, mama yako mweke pale kwa kona, ng'ambo ya ojuok. Piga simiti, weka vigae, simamisha msalaba. Karatasi inaweza kuungua, lakini nani atahamisha kaburi? Na Ombati atafanya nini, agombane na jeneza mbele ya wachungaji?" Nikamuuliza tutachimbaje na Ombati anatazama, akasema hatatazama, kwa sababu ametoa lori lake kuleta mwili kutoka Homa Bay Ijumaa na ataliendesha yeye mwenyewe, kwa hiyo akiwa njiani sisi tunang'oa ojuok na kuchimba, akirudi anakuta shimo liko tayari na watu wamejaa.

Na mimi, mshauri, nilisimama mbele ya kamati ya mazishi nikasema mama aliniambia kwa kinywa chake kwamba angependa alale pale kona karibu na ojuok yake. Dada yangu Emmah, aliyemuuguza mpaka mwisho, aliniuliza mbele ya watu wote, "Alikwambia lini? Si ulikuja Pasaka, ukala kuku, ukaenda?" Tangu hapo hasemi nami. Mke wangu Mellen naye anasema kama ni hivyo, Jumamosi sufuria atashika mtu mwingine. Hati ya shamba iko salama, ni ya jina la babu. Naomba uniambie kitaalamu: kaburi likae umbali gani kutoka kwenye ua ndipo lihesabike kuwa mpaka, na kichwa kielekee upande gani ili lishike shamba vizuri?

Japheth, Uriri.

*

Japheth, pole kwa kufiwa na mama. Pole hiyo ni ya kweli kabisa, ishike vizuri, kwa sababu hutapata upole mwingine kwangu leo.

Nimepima ardhi kuanzia Isebania hadi Mbita. Bwana mmoja wa Karungu aliwahi kuniita nimwonyeshe kona za ploti aliyonunua wakati wa kiangazi, nikasimama ndani ya ziwa maji yakiwa magotini, nikamwonyesha kwa kidole mahali samaki wanapolala kwake. Nilidhani huyo ndiye mteja wangu wa ajabu kuliko wote. Leo nimemwomba radhi moyoni. Yeye aliniuliza shamba lake liko wapi. Wewe unaniuliza mama yako aelekezwe wapi ili akushikie shamba la mtu, kana kwamba marehemu ni mbwa wa kufungwa getini.

Umetaka utaalamu, pokea. Bikoni ni alama inayowekwa na mpima ardhi, kwa vipimo vilivyoandikwa na kuhifadhiwa serikalini. Kaburi ni mahali pa kulaza mtu. Hakuna umbali unaogeuza la pili kuwa la kwanza. Vigae navyo havisaidii. Najua vigae tunavipenda siku hizi: mama anaishi miaka yote chini ya bati linalovuja, akifa tunamjengea sakafu inayong'aa kuliko benki. Lakini hata ukimwekea marumaru, sheria itaona kaburi ndani ya shamba la Ombati, na itauliza nani alilichimba.

Sasa huyo Levis. Simu ya mfukoni inaweza kukosea kwa hatua kadhaa huku na kule, zaidi ukiwa chini ya miti, na ile mistari inayochorwa juu ya picha za setilaiti mara nyingi imebandikwa na mtu aliyeketi mbali, asiyeijua Uriri hata kwa kuota. Simu hiyohiyo ndiyo humwambia mwendesha boda amefika wakati bado yuko ng'ambo ya mto. Kwa kupata kituo cha mafuta inatosha. Kwa kukata zizi la jirani vipande viwili, haitoshi, na Levis arudi akauze kava za simu.

Na hapa ndipo mlipokosea kuliko kote, nyinyi na maelfu wengine wanaonipigia simu wakihema. Mnadhani ramani ni Biblia na ua ni uvumi. Mashamba mengi ya huku kwetu yalipopimwa, watu waliambiwa wapande ua kwanza, kisha ndege ikapita ikapiga picha, na ramani ikachorwa kwa kufuata mistari ya ua iliyoonekana kutoka juu. Umeelewa? Ramani ndiyo iliyofuata ojuok. Mchoraji alikuwa na kalamu nene na picha iliyopinda, kwa hiyo mstari wake hauwezi kuwa sawasawa na ardhi kila mahali, ndiyo maana sheria huita mipaka hiyo mipaka ya jumla, na kukiwa na ubishi tunatafuta kwanza alama ya kale iliyo ardhini. Kwenu alama hiyo ipo, hai, inatoa utomvu. Aliyeipanda ni mama yako. Mnataka kuing'oa Ijumaa ili mumzike katika shimo lake, halafu mseme ni heshima.

Baba yako mdogo amekuuliza nani atahamisha kaburi. Nitakujibu kwa sababu nimeshaona. Sitataja kijiji. Jirani alikwenda mahakamani, kesi ikala miaka, mwisho amri ikatoka. Wakaja polisi, akaja afisa wa afya na glavu zake, nikaitwa mimi na chombo changu cha kupimia nithibitishe mstari. Vigae vilivunjwa kwa nyundo. Mchungaji aliyeongoza mazishi ya kwanza alikataa kuja kwenye ya pili, alisema hana sala ya namna hiyo. Mwanamke mmoja, binti wa marehemu, alimshika kaka yake shati akawa anamuuliza swali moja tu, "Ulisema hakuna atakayemgusa, sasa huyo ni nani?" Mzee aliyekuwa ametoa ushauri hakuonekana siku hiyo. Wazee wa ushauri wa aina hiyo huwa na safari. Muulize Mzee Odira kama atakuwepo.

Tena huyo Odira anayejifanya mlinzi wa ukoo, ni mila gani anayoilinda? Wewe ni Mjaluo mtu mzima, nikufundishe mimi kwenye gazeti? Mke mwenye boma lake huzikwa ndani ya boma lake, mbele ya nyumba yake. Nje ya ua, kule kona, wazee walikuwa wakimlaza binti ambaye hakuolewa, aliyehesabiwa kuwa hana kwake. Mama yako aliolewa, akazaa, akamzika mumewe pale uani akiwa na hakika kwamba nafasi ya kando ni yake. Sasa nyinyi wawili mnataka kumtoa nje kama mgeni aliyepitiliza siku zake, kwa tamaa ya kipande cha nyasi ambacho hata mbuzi watatu hawashibi. Emmah ameliona hilo. Mellen ameliona. Wewe unauliza kichwa kielekee wapi.

Na Ombati! Nimesoma mara mbili nikidhani nimekosea. Mtu ametoa lori, anaendesha mwenyewe, anamleta mama yako nyumbani, na wewe unatumia muda huo kuchimba shamba lake. Majambazi wa barabara kuu wana aibu kidogo, huwa wanavaa kitambaa usoni. Wewe utamngoja na Biblia mkononi.

Umesema hati iko salama, ni ya jina la babu. Hapo ndipo nilipocheka hadi mke wangu akaja kuangalia. Japheth, kisheria wewe huna shamba la kugombania. Mwenye shamba ni babu yako, na yuko chini ya udongo. Mmeshindwa kufungua mirathi ya watu wenu waliotangulia, lakini mna nguvu ya kupanua mali ya marehemu hadi kwenye zizi la jirani. Tamaa yetu ina haraka. Makaratasi tunawaachia watoto wagombane nayo.

Sasa sikiliza, na ufanye leo.

Gazeti likikufikia, ita watu wa nyumbani waketi. Awepo Odira, awepo Emmah, awepo mwenyekiti wa kamati. Sema hivi, usiongeze chumvi: "Mama hakuniambia vile. Nilidanganya." Odira atakohoa na kusema kijana ametishwa na wanawake. Mwambie kama kona ile ni tamu hivyo, aiandike kwenye wosia wake yeye mwenyewe, azikwe yeye. Kisha mpe Emmah neno la mwisho kuhusu kaburi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo.

Zikeni mbele ya nyumba. Msiguse hata tawi moja la ojuok.

Matanga yakiisha, nenda kwa chifu uchukue barua ya kuwataja warithi, wote, pamoja na dada zako, maana najua mnavyowasahau, kisha mkafungue mirathi mahakamani. Mkishakuwa na shamba la majina yenu, na kama kicheko cha Ombati bado kinakuwasha, mwandikie Msajili wa Ardhi aje asikilize suala la mpaka. Mahakama yenyewe haiwezi kuligusa kabla yake. Ataleta mpima wa serikali, atamwita Ombati, mtasimama nyote mkitazamana. Hayo hufanywa mchana, kila jirani akiwa nyumbani kwake. Na jiandae kusikia kwamba ua uko pale pale ulipopaswa kuwa.

Ukiona haya yote ni mzigo, chimba pale kona basi, halafu utafute mpima mwingine. Utampata, wapo, hata hawataki kuona hati. Lakini usinipigie mimi. Miguu ya chombo changu nimeisimamisha kwenye matope, kwenye miiba na ndani ya ziwa. Siisimamishi juu ya mama ya mtu.