Mahali Maji Yanapobanwa

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Mimi sijambo, na leo neno hilo nalisema kwa moyo wote.

Uliniuliza ninasomea nini hasa. Ni mwendo wa maji, kaka. Maabara yetu ina mfereji wa kioo mrefu kama sebule yenu, na jua la alasiri likiupiga, dari yote inacheza mawimbi. Mhadhiri wetu, mama mpole tunayemwita Bibi Mabomba, hudondosha rangi nyekundu majini. Maji yakienda taratibu, rangi hunyooka kama uzi. Akifungulia zaidi, uzi hukatika ukasambaa kama moshi. Hapo mimi husahau hata kuandika, na wenzangu husema nimekuja chuoni kuota mchana.

Siku moja alituonyesha bomba lililobanwa katikati. Alieleza kwamba maji hayawezi kurundikana pale, basi hupita mbio, na yakitokea upande wa pili huvurugika. Akatuambia tutege sikio. Nikasikia mvumo laini, shuuu. Mara sauti za wenzangu zikaenda mbali, mabomba yakaelea, nikaona raha kama mtu anayebebwa na usingizi. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, Bibi Mabomba akinipepea kwa ncha ya kanga yake.

Alinipeleka hospitali mwenyewe. Daktari alinisikiliza kifuani kwa muda, kisha akanivisha kile kipimo masikioni nami nisikie. Shuuu. Nikamwambia, "Daktari, kuna mahali pamebana." Akashangaa, akaniuliza nani ameniambia.

Kaka, kaa kitako. Nilizaliwa na mlango mmoja wa moyo uliobana. Kumbe ndiyo maana kwenye mbio nilikuwa wa mwisho, nanyi mkiniita Konokono! Mwezi uliopita nilipasuliwa, ukapanuliwa. Niliogopa mno, lakini sikukuambia, kwa sababu uso wako ni dirisha. Mama angesoma kila kitu, akafunga safari kwa mguu ule ule. Bibi Mabomba ndiye aliyeketi nje ya chumba mpaka nikatolewa. Jana nilipanda ngazi za bweni mpaka juu bila kupumzika. Nilipofika, nililia.

Sasa, mguu wake ukiruhusu, mlete mama. Njiani usimwambie neno. Nitawapokea nikiwa nimesimama. Kwanza anione, ndipo asikie.

Wape wote salamu zangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.